Nipe Nikupe: Historia ya Kupeana Mafaili katika Nyumba za Kigali

Aliyezoea kuhesabu historia ya mji kwa majumba yake, barabara zake na masoko yake, huenda akaona kwamba kupeana mafaili baina ya kompyuta ya nyumba hii na kompyuta ya nyumba ile ni jambo dogo lisilostahili kuandikiwa historia. Walakini katika Kigali, mji uliopangwa juu ya vilima, ulio mbali na bahari na usiofikiwa na reli, jambo hilo dogo limebeba kadhia nzima ya namna nchi hii ilivyoungana na ulimwengu. Mwenye kutaka kujua kwa nini torenti yake, yaani faili analolichukua kwa vipande kutoka kompyuta za wengine, imekwama saa nne za usiku nyumbani kwake Kimironko au Gikondo, hana budi kwanza ajue ni njia gani iliyofikishwa nyumbani kwake, nani aliyeijenga, na kwa kusudi gani. Kwa kuwa aghalabu kasoro anayoitafuta ndani ya kompyuta imo katika njia hiyo, na ilikuwamo kabla yeye hajainunua kompyuta.

Desturi yenyewe ilianza ng'ambo. Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani, Shawn Fanning, alitoa programu iitwayo Napster, iliyomwezesha mtu kuchukua wimbo moja kwa moja kutoka kompyuta ya mtu mwingine asiyemjua wala kumwona; wenye haki za nyimbo wakaishitaki, na ilipofika Julai 2001 mtandao wake ulikuwa umezimwa. Katika mwezi huohuo Bram Cohen akaitoa BitTorrent, ambayo mpango wake ulikuwa wa busara zaidi: faili hukatwa vipande vidogo vidogo, kila anayekuja kuchukua hupewa kipande, na kabla hajamaliza kuvikusanya vyote huwa amekwisha kuwagawia wengine vile alivyonavyo. Kanuni yake ni nipe nikupe. Kompyuta huwapendelea wale wanaoipa, na asiyetoa kitu huambulia makombo. Insafu iliyomo katika kanuni hiyo ndiyo iliyoipa nguvu duniani, nayo ndiyo iliyoiletea taabu katika Kigali, maana yamtaka kila mwenye nyumba awe mpaji, ilhali karibu njia zote zilizoletwa hapa zilijengwa kwa ajili ya mtu ambaye kazi yake ni kupokea tu.

Tuitazame Kigali ya mwaka huo wa 2001. Serikali ilikuwa imeanza mpango wake wa kwanza wa teknolojia ya habari na mawasiliano, ulioitwa NICI, wa kuendelea hadi 2005; sheria ya Septemba ilikuwa imeanzisha RURA, mamlaka ya kusimamia huduma hizo; MTN ilikuwa imekwisha kuingia na simu za mkononi tangu 1998; na waya za simu za nyumbani zilikuwa mikononi mwa Rwandatel. Aliyejaliwa kuwa na intaneti nyumbani aliipata kwa waya huo wa simu, kwa modemu isiyoweza kuzidi kilobiti 56 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, lau ingalipatikana kamili bila kupungua hata chembe, faili la megabaiti 700, yaani la kujaza sidii moja, lingalihitaji karibu saa 28 mfululizo, na muda wote huo waya wa simu umeshikwa na jamaa wa nyumbani hawawezi kupiga wala kupigiwa. Hapo hapakuwa na haja ya fundi. Hesabu yenyewe ilitosha kumkatisha mtu tamaa.

Tena kulikuwa na jambo zito kuliko wembamba wa waya. Mawasiliano ya Rwanda na nje yalipita katika setilaiti, na setilaiti za wakati ule husimama juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 36,000 hivi, hata ujumbe ukipanda na kushuka huwa umekwenda kilomita 72,000. Fikiri, basi, mkazi wa Kiyovu anayehudumiwa na kampuni moja ya intaneti, anayetaka kumpa faili rafiki yake wa Kacyiru anayehudumiwa na kampuni nyingine. Kwa kuwa kampuni hizo mbili hazikuwa na mahali pa kukutania ndani ya nchi, ujumbe ulipanda angani, ukashuka Ulaya au Marekani, ukapanda mara ya pili, ndipo ukashuka Kacyiru. Na jibu likarejea kwa njia ileile. Jumla ya safari hiyo ni kilomita 288,000, zaidi ya mara saba ya mzingo wa dunia, na nuru yenyewe, isiyo na mshindani kwa mbio, huhitaji karibu sekunde nzima kuimaliza. Watu wawili walioweza kuziona taa zao za usiku kutoka kilima kimoja hadi cha pili waliwekwa mbali namna hiyo, na kila kipande walichopeana kililipiwa kwa fedha za kigeni mara mbili, kwenda na kurudi.

Wakenya ndio waliotangulia katika Afrika Mashariki kuitafutia tiba kasoro hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2000 makampuni ya intaneti ya Nairobi yaliungana kuanzisha kituo cha makutano kiitwacho KIXP, ili mawasiliano ya Mkenya na Mkenya yabaki Kenya. Kampuni ya simu ya taifa ikalalamika, mamlaka ya mawasiliano ikakifunga kituo kabla hakijatimiza mwezi, na hakikufunguliwa tena ila Februari 2002, baada ya kupewa leseni. Kigali ikafuata mwaka 2004 kwa kituo chake, RINEX, kilichopata msaada wa Sida, shirika la maendeleo la Uswidi, na ambacho baadaye kiliwekwa chini ya RICTA, jumuiya inayosimamia pia majina ya mtandao yanayoishia kwa .rw. Mimi nakihesabu kituo hicho kuwa hatua kubwa kuliko minara mingi iliyosimamishwa baada yake, kwa sababu ndicho kilichokiri kwa mara ya kwanza, kwa chuma na waya, kwamba mkazi wa Kigali anaweza kuwa na kitu cha kumpa mkazi mwenziwe.

Lakini RINEX ilitandika njia tu. Haikuweza kumlazimisha mtu kuipita. BitTorrent haijui vilima wala mipaka: humchukulia mpaji yeyote aliye tayari, awe Nyamirambo au awe Stockholm, na faili lisilokuwa na mwenyeji mwingine Kigali litatoka ng'ambo hata kama kituo cha makutano kipo hatua chache kutoka nyumbani. Programu nyingi za torenti zina uwezo wa kuwatafuta wenzi walio katika mtandao uleule wa ndani, jambo linalofaa sana katika bweni la wanafunzi au ofisi yenye kompyuta nyingi. Ila uwezo huo unaishia kwenye ruta ya jengo, hauvuki barabara.

Katika miaka hiyohiyo mambo ya Rwandatel yalikuwa hayatulii. Kampuni ya Terracom, ya Mmarekani Greg Wyler, ilipewa mwaka 2003 mkataba wa kuziunganisha shule 300 na intaneti, ikainunua Rwandatel mwaka 2005 kwa dola milioni 20, na mwaka 2007 Serikali ikairejesha mikononi mwake; katika mwaka huohuo asilimia 80 ya hisa ikauzwa kwa LAP Green ya Libya kwa dola milioni 100, na Aprili 2011 leseni ya Rwandatel ikafutwa. Mwenye waya wa kampuni hiyo nyumbani alibadilishiwa mwenye mali mara tatu katika miaka sita, na waya wenyewe ukabaki uleule.

Makampuni yakinunuliwa na kuuzwa, watu wa Kigali hawakukaa kungoja. Walijitengenezea njia yao ya kupeana, nayo ilikuwa ya miguu. Faili lilipakuliwa mara moja mahali penye njia nene, pengine saiba ya mjini, pengine ofisini baada ya saa za kazi, pengine maabara ya chuo. Kisha likasafiri kwa mkono, kwa sidii hapo mwanzo, kwa dividii baadaye, na mwisho kwa flashi na diski za kuchomeka, kutoka duka hadi nyumba na kutoka nyumba hadi nyumba. Katika mitaa ya biashara ya Nyarugenge na pande za Nyabugogo palifunguliwa vibanda ambavyo mteja alifika na flashi tupu, akachagua filamu katika orodha, akalipa, akaondoka nazo. Filamu zilizopendwa kupita zote zilikuwa zile za agasobanuye, ambazo msimulizi huziwekea sauti yake ya Kinyarwanda juu ya maneno ya waigizaji, akaeleza, akatania, akatoa mawaidha, kama walivyofanya Lufufu katika Dar es Salaam, DJ Afro katika Kenya na ma-VJ wa Kampala. Nkusi Thomas, aliyejulikana na wote kwa jina la Yanga, na aliyefariki mwaka 2022, alikuwa sauti iliyoingia katika nyumba ambazo hazijapata kuwa na waya wa intaneti hata siku moja.

Haitakuwa haki kuusifu ustadi huo bila kutaja upande wake wa pili. Rwanda ilitunga Oktoba 2009 sheria ya kulinda mali ya ubunifu, na filamu nyingi zilizopita katika vibanda hivyo, kama nyingi zipitazo katika torenti, zilichukuliwa bila idhini ya wenyewe. Anayeandika wimbo au kutengeneza filamu katika Kigali ana haki ya kula jasho lake sawa na mwenye kulima. Hata hivyo si insafu kuihukumu njia kwa makosa ya wapitao: torenti ndiyo njia ambayo matoleo ya Ubuntu na ndugu zake wa Linux hugawiwa bure na kwa ridhaa, ndiyo ambayo Internet Archive imeitumia tangu 2012 kutolea vitabu na sauti zake, na mwalimu mwenye njia dhaifu hunufaika nayo kuliko yeyote, kwa kuwa faili lililokatika nusu huendelea lilipoachia, halianzi upya.

Mwaka 2009 bahari ikafunguka. Mkongo wa TEAMs ulifika Mombasa mwezi wa Juni, SEACOM ikaanza kazi Julai, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Rwanda nayo, kwa kazi ya Korea Telecom, ikatandaza mkongo wa taifa wenye urefu wa kilomita 2,300 hivi, uliokamilika mwanzoni mwa muongo wa 2010 na kuungana na nchi jirani kwenye mipaka. Kutoka Kigali hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara, na Mombasa ni mbali zaidi. Kwenye njia hizohizo za kwenda pwani ndiko walikotoka, karne moja kabla, wachuuzi na wapagazi waliokileta Kiswahili Kigali, siku ambazo Mjerumani Richard Kandt alikuwa ndiyo kwanza anauanzisha mji. Safari ya ujumbe kwenda Ulaya na kurudi, iliyokuwa ikila karibu nusu sekunde angani, ikapungua sana, na mtu wa nyumbani akaona kwa mara ya kwanza kasi inayohesabiwa kwa megabiti.

Ndipo kasoro zilizokuwa zimefichwa na ufinyu zikadhihirika. Ya kwanza ilimshangaza kila mtu: torenti ikianza, kurasa za kawaida hugoma kufunguka, na torenti yenyewe, badala ya kwenda mbio, hupungua. Sababu yake ni kwamba pakiti zinazopokelewa hudai uthibitisho wa kurudishwa kwa mpelekaji, na njia ya kutoka nyumbani kwa kawaida hufanywa nyembamba kuliko ya kuingia. Kompyuta inapokuwa inawagawia wengine bila kiasi, njia hiyo nyembamba hujaa, uthibitisho hukwama katika foleni, na mpelekaji wa upande wa pili, asiposikia jawabu, hupunguza mwendo. Mwenye nyumba hudhani kampuni inamwibia, kumbe ukarimu wake mwenyewe usiopimwa ndio uliomfungia. Fundi mwenye ujuzi hupima kwanza kasi ya kutoka, kisha huiamuru programu isitumie zaidi ya asilimia 80 yake, akapunguza na idadi ya miunganisho, maana ruta nyingi za bei nafuu huishiwa kumbukumbu miunganisho ikizidi mamia, zikaganda mpaka zizimwe na kuwashwa. Programu za tangu 2010 zimepunguza balaa hili kwa kujifunza kuwapisha wengine zinapoona foleni inarefuka, lakini hazijaliondoa.

Kasoro ya pili ni nzito, na ndiyo iliyobaki hadi leo. Kila kompyuta inayotaka kutafutwa na wenziwe yahitaji anwani, na anwani za mtindo wa zamani, IPv4, hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Sehemu kubwa ilikwisha kugawanywa Marekani, Ulaya na Asia kabla Afrika haijawa na msajili wake. AFRINIC, msajili huyo mwenye makao yake Mauritius, alianza kuzitoa kwa kubana mwaka 2017, na tangu Januari 2020 kampuni haipati zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Kampuni yenye wateja maelfu kwa maelfu ifanyeje? Huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kigali inalielewa jambo hili kwa posta yake, ambamo barua haziletwi mlangoni bali hungoja katika sanduku, B.P., na sanduku moja la shule au parokia laweza kuwa la watu mia: kutuma barua hakumtaabishi yeyote, lakini mgeni anayetaka kumfikia mmoja katika hao mia, na bahasha haina ila namba ya sanduku, hawezi, mpaka awepo mtu sandukuni anayejua barua hii ni ya nani.

Ndani ya nyumba mtu huyo ni ruta, na mwenye nyumba aweza kuiagiza: ujumbe ukija kwa mlango wa namba fulani, upeleke kwenye kompyuta fulani. Ruta nyingi hulifanya jambo hili zenyewe ikiwa utaratibu uitwao UPnP umewashwa, na fundi akikuta ruta mbili zimefuatana, ya kampuni na nyingine iliyonunuliwa dukani, huiagiza moja iache kugawa anwani. Lakini anwani inapogawanywa katika mitambo ya kampuni yenyewe, mwenye nyumba hana amri huko. Atafungua mlango wa ruta yake, na mlango utakuwa unaelekea ukutani. Mtandao wa 4G, uliojengwa kwa mkataba wa mwaka 2013 baina ya Serikali na Korea Telecom na kuzinduliwa Kigali Novemba 2014, na intaneti ya simu kwa jumla, vimewazoesha watu wa mji huu hali hiyo hata wakaidhani ni maumbile. Dalili yake katika torenti ni kwamba wapaji wengi huonekana katika orodha na wachache tu ndio wanaounganika, kwa kuwa wawili waliofichwa hivyo hawawezi kubishiana hodi ila kwa msaada wa wa tatu, na msaada huo hufaulu pengine na pengine hushindwa. Na kwa kuwa aliyefichwa huwapa wachache, kanuni ya nipe nikupe humlipa kidogo. Anaadhibiwa kwa ubahili asiokuwa nao.

Kuitambua hali hii hakuhitaji fundi wala malipo. Ufungue ukurasa wa ruta, uitazame anwani iliyoandikwa upande wa nje, kisha uilinganishe na ile ambayo ulimwengu unakuona nayo. Zikiwa sawa, mlango ni wako. Zikihitilafiana, na ile ya ruta ikaanza kwa 10, au ikawa kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa Aprili 2012 kwa kazi hiyohiyo ya kuwafungamanisha wateja, basi acha kuihangaisha kompyuta, kwa maana haina kosa.

Njia mpya zimekuja, na swali limebaki lilelile. Kampuni ya Canalbox ilileta mwaka 2020 nyuzi za kioo hadi nyumba za watu wa kawaida, jambo lililokuwa la ofisi na matajiri. Starlink ikaanza kuuza huduma yake Rwanda Februari 2023, na setilaiti zake zinazunguka kwa kimo cha kilomita 550 hivi, hata ile sekunde ya zamani imekuwa hadithi. Katika mwaka huo pia MTN ikawasha 4G ya kwake. Hata hivyo mteja wa kawaida wa Starlink, pamoja na kasi yote, huwekwa katika anwani ya kushirikiana kwa IPv4. Kasi imeongezeka kuliko alivyoota mtu wa 2001, na haki ya kuwa mpaji bado inaombwa. Jawabu lake limeandikwa tangu Desemba 1995, nalo ni IPv6, yenye anwani za kutosha kila kompyuta, kila simu na kila kifaa cha nyumbani, bila mmoja kujificha nyuma ya mwingine. Kinachokosekana ni kampuni kuiwasha hadi mlangoni na wateja kuidai.

Kwa hiyo, ewe msomaji wa Kigali, au wa Bujumbura, Goma na Mwanza mwenye taabu hiyohiyo, kabla hujanunua ruta nyingine wala kumlipa mtu akubadilishie programu, muulize mtoa huduma wako kwa maandishi mambo mawili: anwani ninayopewa ni yangu pekee au nashirikiana na wengine, na je, mnatoa IPv6 kwa nyumba? Akijibu kwamba hatoi, iombe, na waambie majirani zako waiombe pia.